SOMO LA JEOGRAFIA NA BIASHARA: MGENI ANALALA WAPI?

Leo tufungue kaye mbili kwa mara moja: ile ya jeografia na ile ya hesabu. Kuko ulizo moja ambalo watu wengi wanalijibu haraka haraka, na wanalijibu vibaya. Ulizo ni hili: kama sosiete mbili zinashindana, na kwa mlango wa moja wanaingia watu wengi kupita mlango wa ingine, ni ipi inayopata faida kubwa? Karibu kila mtu atasema: ile yenye watu wengi. Somo hili litaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Kuhesabu watu mlangoni ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kuuliza: jua likishuka, wageni wale wanakwenda kulala wapi?

Tutachukua mfano wa parki za michezo za Marekani na Ufaransa. Tusichanganye maneno. Hapa kwetu tukisema parki tunawaza Virunga ao Kahuzi-Biega, ni kusema pori lenye nyama. Parki ya michezo ni kitu kingine. Ni kiwanja kikubwa chenye ukuta, ambamo sosiete imejenga vigari vya kukimbia juu ya reli, mashua, nyumba za hadithi, maduka na mahali pa kula. Mtu analipa mlangoni, kisha anacheza siku nzima.

I. MANENO MATATU YA KUANDIKA KATIKA KAYE

1. Wingi wa wageni: hesabu ya watu walioingia mlangoni kwa mwaka mmoja. Mtu akiingia siku tatu, anahesabiwa mara tatu.

2. Hoteli ya ndani na hoteli ya inje: ya ndani inasimama juu ya udongo wa sosiete yenye parki. Ya inje ni ya mtu mwingine, hata kama iko karibu sana na mlango.

3. Kujaa kwa vyumba: kama hoteli iko na vyumba 100, na usiku mmoja 60 vina watu, tunasema imejaa 60 kwa mia.

Angalisho moja kubwa. Sosiete za Marekani hazitangazi hesabu ya watu wa kila parki. Hesabu zinazosomwa kila mwaka ni makadirio ya shirika linaloitwa TEA. Basi tukiandika milioni 17, tusifikiri kwamba mtu amesimama mlangoni na kuhesabu vichwa. Hesabu hizi zinaonyesha njia, kama zinapanda ao zinashuka.

II. CHANZO: CALIFORNIA, MWAKA WA 1955

Walt Disney, mtu wa sinema na wa yule panya Mickey, alifungua Disneyland katika mji wa Anaheim tarehe 17 Julai 1955. Feza yake yote na deni lake viliingia ndani ya parki. Hakubaki na kitu cha kujenga hoteli. Akamuomba mtu mwingine wa televisheni, Jack Wrather, ajenge. Hoteli ile ilifunguliwa mwaka ule ule, ikabeba jina la Disneyland, lakini faida yake ilikwenda kwa Wrather. Kisha watu wengine wakanunua mashamba pembeni, wakajenga mahoteli yao.

Fikirini sasa. Disney ndiye aliyekuwa akiita watu kutoka mbali. Kila aliyetoka jioni na kuvuka barabara alikwenda kulipa kitanda, chakula cha usiku na chai ya asubuhi kwa mtu mwingine. Mmoja alipiga ngoma, jirani akakusanya feza za mchezo. Sosiete ya Disney ilikuja kununua hoteli ile ya Wrather katika mwaka wa 1988 tu, ni kusema miaka 33 kisha.

III. FLORIDA: KUNUNUA UDONGO MBELE YA KUJENGA

Kosa lile lilifundisha. Katika miaka ya 1964 na 1965 Disney alinunua udongo katika Florida, karibu na mji wa Orlando, karibu kilometa za mraba 110. Alinunua kwa siri, kwa majina ya sosiete zingine, ili wenye mashamba wasipandishe bei. Yeye mwenyewe alikufa mwezi wa Desemba 1966. Lakini tarehe 1 Oktoba 1971 parki Magic Kingdom ilifunguliwa, na siku ile ile kulikuwa mahoteli mawili ya ndani: Contemporary na Polynesian. Katika mwaka wa kwanza waliingia watu zaidi ya milioni 10.

Kisha angalieni parki zilizofuata: EPCOT mwaka wa 1982, parki ya sinema mwaka wa 1989, Animal Kingdom mwaka wa 1998. Kwa nini parki ine pahali pamoja? Parki moja inamalizika kwa siku moja ao mbili. Parki ine zinaomba juma nzima, na juma nzima ni usiku sita wa kulipa kitanda. Parki mpya inajaza mlango wake, lakini zaidi inajaza mahoteli.

Vyumba navyo vilipangwa kwa ngazi. Mwaka wa 1988 walifungua Grand Floridian kwa watajiri, na Caribbean Beach kwa watu wa katikati. Mwaka wa 1994 wakafungua All-Star kwa jamaa zenye feza kidogo. Leo mahoteli ya pale ni zaidi ya 25.

Tena kulikuwa akili ingine. Kuanzia mwaka wa 2005 mpaka Januari 2022, mgeni wa hoteli ya Disney alichukuliwa bure na basi kutoka uwanja wa ndeke mpaka mlango wa hoteli. Wema? Ndiyo. Lakini mtu asiye na motokari ya kupanga hatoki kwa urahisi kwenda kwa mshindani. Basi ile ilikuwa zawadi, na ilikuwa pia kamba.

IV. MSHINDANI: UNIVERSAL

Universal ilifungua parki yake katika Orlando tarehe 7 Juni 1990. Siku ya kwanza mashine kubwa ziliharibika na watu walinung'unika. Lakini taabu kubwa ilikuwa ingine: parki ilikuwa moja tu, na hoteli ya ndani haikuwako. Mgeni wa juma nzima alitoa siku moja kwa Universal, kisha akarudi kulala kwa Disney ao katika hoteli za barabarani.

Mwaka wa 1999 Universal ilifanya mambo mawili pamoja: parki ya pili, Islands of Adventure, na hoteli ya kwanza, Portofino Bay. Hard Rock ilifuata mwaka wa 2001 na Royal Pacific mwaka wa 2002. Katika mahoteli haya matatu walitoa kitu ambacho Disney haikutoa kwa wageni wake namna ile: kwa wingi wa michezo ya parki hizi mbili, mwenye kulala pale anapita njia ya haraka bila kulipa tena, na wengine wanabaki katika mustari mrefu.

Kisha, mwezi wa Juni 2010, walifungua kijiji cha Harry Potter, yule mtoto mchawi wa vitabu vya Uingereza. Tazameni makadirio ya Islands of Adventure: mwaka wa 2009, karibu milioni 4.6. Mwaka wa 2011, karibu milioni 7.7. Kwa miaka miwili tu!

Hapa mwanafunzi mwepesi atasema: basi milioni tatu zile zilinyang'anywa Disney. Twende polepole. Magic Kingdom ilikuwa na karibu milioni 17.2 mwaka wa 2009, na karibu milioni 17.1 mwaka wa 2011. Haikuanguka. Wageni wengi hawakuacha Disney. Waliongeza siku ao walipunguza mahali pengine. Parki ya tatu ya mji ule, SeaWorld, ilikuwa na karibu milioni 5.8 mwaka wa 2009, ikashuka karibu milioni 5.1 mwaka wa 2010. Lakini hata hapa tusiseme sababu ni moja. Mwezi wa Februari 2010 nyangumi wa pale alimuua mfundishaji wake, na habari ile ilienea ulimwengu mzima. Tena inchi ilikuwa ikitoka katika shida kubwa ya feza. Mambo mawili yakifuatana, haiko lazima la kwanza liwe mama ya la pili.

Universal ilielewa kwamba siku moja zaidi bila kitanda ni faida nusu. Mwaka wa 2014 ilifungua sehemu ya pili ya Harry Potter, na ikaiweka katika ile parki ingine, pamoja na treni kati ya hizo mbili. Asiye na tikiti ya parki zote mbili hapandi treni. Mwaka ule ule walifungua Cabana Bay, hoteli ya vyumba 1,800 kwa bei ya chini. Tarehe 22 Mei 2025 wakafungua parki mpya kabisa, Epic Universe, pamoja na mahoteli mapya matatu yenye vyumba 2,000. Yote pamoja, mahoteli yao ni 11. Mshindani aliyekuja bila kitanda hata kimoja mwaka wa 1990, sasa anaomba juma nzima kama Disney.

V. UFARANSA: MLANGO UNAJAA, VITANDA VITUPU

Msifikiri kwamba kujenga mahoteli ni dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 12 Aprili 1992 Disney ilifungua Euro Disney, kilometa 32 upande wa mashariki wa Paris. Safari hii hawakutaka kurudilia kosa la California. Kwa siku ya kwanza walijenga mahoteli sita yenye vyumba karibu 5,200. Feza nyingi ilikuwa deni la benki.

Watu walikuja, karibu milioni 10 katika mwaka wa hesabu wa 1993. Parki nyingi za Ulaya zingecheza kwa furaha. Lakini vyumba vilijaa 55 tu kwa mia. Kwa nini? Tazameni karata ya jeografia. Treni ya RER inatoka katikati ya Paris na kusimama mbele ya mlango, kwa dakika karibu 40. Tena parki ilikuwa moja tu. Mtu wa Paris alikuja asubuhi, akacheza, akarudi kulala kwake. Mgeni wa mbali alipenda kulala katika mji wa Paris wenyewe, auone. Orlando haina Paris pembeni yake.

Vitanda vitupu havilali: deni linaendelea kuhesabu usiku na mchana. Hasara ya mwaka wa 1993 ilipita franka za Ufaransa miliari 5, na mkubwa wa Disney, Michael Eisner, alisema wazi kwamba parki inaweza kufungwa. Mwaka wa 1994 benki zilikubali kupunguza mzigo, na mwana wa mfalme wa Saudia, Al-Waleed bin Talal, akaleta feza yake. Mwaka wa 1995 bei ya mlango ilishushwa kutoka franka 250 mpaka 195, na vyumba pia vilipunguzwa bei. Wageni wakafika milioni 10.7, vyumba vikajaa karibu 68 kwa mia, na mwaka ule sosiete ikapata faida kwa mara ya kwanza.

Linganisheni na jirani yao Parc Astérix, upande wa kaskazini wa Paris. Ilifunguliwa mwaka wa 1989, ikakaa miaka 10 bila hoteli yake. Mwaka wa 1999 ilianza na hoteli moja ndogo msituni, vyumba karibu 100. Waliongeza zingine miaka mingi kisha, walipoona wageni wanaomba kulala. Haraka haraka haina baraka: maneno haya tunayasema kila siku, lakini benki ndizo zinazotukumbusha maana yake.

VI. JAMAA INACHAGUA NAMNA GANI?

Tumetazama upande wa sosiete. Sasa tukae upande wa baba na mama waliochunga feza ya vakansi mwaka mzima. Wanapima mambo matatu: bei, saa, na kitu cha pekee.

Bei: hoteli ya inje ni rahisi mara mingi, lakini inaongeza feza ya motokari na ya kuiweka parkini. Anayelinganisha bei ya chumba peke yake anajidanganya.

Saa: mwenye kulala ndani anaingia mapema kupita wengine. Kwa Disney ya Florida ni dakika 30 mbele ya watu wa inje. Wakati wa vakansi, parki ikijaa, dakika hizi ni mali. Disney ya Florida inabadilisha hata bei ya tikiti kufuatana na tarehe: siku za watu wengi bei kali, siku za masomo bei ndogo.

Kitu cha pekee: hapa mtashangaa. Mwaka wa 2001 Disney ilifungua hoteli Animal Kingdom Lodge. Mgeni anafungua dirisha asubuhi na kuona twiga na punda milia. Nyumba ya kwanza inaitwa Jambo House, ya pili Kidani Village, na mahali pa kula panaitwa Jiko na Boma. Ndani ya parki yenyewe kuko kijiji Harambe, kilichofananishwa na mji wa Lamu wa Kenya, chenye maandiko ya Kiswahili ukutani. Kuko hata okapi, nyama ambaye pori lake la asili haliko inchi ingine yoyote duniani ila hii yetu! Maneno tunayosema jikoni na nyama wa Ituri vinauza vyumba kule Florida, na kwa bei kali. Mali ambayo mtu ameizoea haioni tena. Mgeni anaiona kwanza.

Lakini hata kitu cha pekee kiko na mpaka. Mwezi wa Machi 2022 Disney ilifungua hoteli ya sinema Star Wars, vyumba 100, mfano wa chombo cha kwenda angani. Usiku mbili kwa watu wane ilikuwa karibu dola 6,000. Wengi waliolala pale waliisifu. Hata vile ilifungwa mwezi wa Septemba 2023, kwa sababu waliopenda walikuwa wengi, lakini walioweza kulipa walikuwa wachache.

VII. MLANGO UKIFUNGWA

Mwezi wa Machi 2020, juu ya ugonjwa wa korona, parki zote za Orlando zilifungwa. Makadirio ya Magic Kingdom yalianguka kutoka karibu milioni 21 mwaka wa 2019 mpaka karibu milioni 6.9. Mwezi wa Septemba 2020 Disney ilitangaza kuachisha kazi watumishi karibu 28,000 wa parki zake za Marekani. Hawa ndio waliotandika vitanda na kupika. Tusome hesabu tukijua kwamba nyuma ya kila chumba kitupu kuko mtu asiyeitwa kazini. Hata mwaka wa 2024 parki ile ilikuwa karibu milioni 17.8, haijarudia kipimo cha mbele.

VIII. HESABU YA KUFANYA KATIKA KAYE

Tuseme parki A inaingiza watu 1,000 kwa siku. Kila mmoja analipa 10 mlangoni na 5 ya chakula. Hakuna hoteli. Jumla: 15,000.

Parki B inaingiza watu 600 tu. Mlango na chakula: 9,000. Lakini 400 kati yao wanalala ndani, wane kwa chumba: vyumba 100 kwa bei ya 40, ni 4,000. Chakula cha usiku na cha asubuhi, 10 kwa kila mtu: 4,000 tena. Jumla: 17,000. Parki yenye watu wachache imepita!

Ngojeni kwanza. Kila chumba, kitupu ao chenye mtu, kinakula 15 kwa siku juu ya deni na matengenezo. Kama B iko na vyumba 100, tunatosha 1,500: inabaki 15,500, bado inashinda. Kama ilijenga vyumba 300 kwa tamaa, tunatosha 4,500: inabaki 12,500. Imeshindwa, ijapokuwa wageni ni wale wale.

Hii ndiyo California, Florida na Paris katika mistari michache. Asiye na kitanda anaitia jirani wageni. Mwenye vitanda vya kutosha anavuna. Mwenye vitanda kupita wageni wake anafanyia benki kazi.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Disney alinunua udongo mwingi katika Florida kupita katika California?

2. Hoteli ya vyumba 5,200 imejaa 55 kwa mia. Vyumba vitupu ni ngapi usiku ule?

3. Katika hesabu ya parki B, tafuta wingi wa vyumba ambapo B inakaribia sana kulingana na A.

4. Mtu anakuambia: «Watu wameongezeka kwa Universal, kwa hiyo wamepungua kwa Disney.» Mjibu kwa kutumia hesabu za 2009 na 2011.

5. Katika mji wenu kuko siku ya soko kubwa ao ya mchezo wa mpira inayoleta watu wa mbali. Andika mistari kumi: wanalala wapi, wanakula kwa nani, na feza yao inabaki kwa nani?

Ulizo la tano halina jibu katika gazeti hili. Utalipata ukienda sokoni na kalamu, kuuliza kwa adabu na kuhesabu.